Fundi Aliyeunyamazisha Mvumo wa Kantini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, fundi wa vyombo vya sauti wa kiwanda chetu cha magodoro anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wenu hamlijui, na mkiliona mtadhani ni la mfanyakazi mpya. Sisi sote, kuanzia mlinzi wa geti hadi Mkurugenzi, tunamwita Shangazi. Hata mumewe, dereva wa lori anayekuja kumchukua jioni, humuuliza mlinzi kama Shangazi ameshatoka.

Mhariri wa jarida hili, ambaye kwa bahati njema ndiye pia Afisa Utumishi wetu, ameniomba mimi mtunza stoo niandike wasifu huu kwa ufupi, kwa lugha ya heshima, na nisiguse kabisa yaliyotokea kantini mwanzoni mwa mwezi. Nimemwahidi kwamba nitaandika kwa lugha ya heshima.

Shangazi aliajiriwa kama mshonaji wa kingo za magodoro. Hakukaa sana kwenye cherehani. Siku moja amplifaya ya kantini ilikata sauti katikati ya taarifa ya habari, na fundi wa wakati huo, marehemu Mzee Bisibisi, akaomba mtu mwenye vidole vyembamba amshikie waya. Shangazi akaushika waya huo na hakuuachia tena. Mzee Bisibisi alipostaafu, uongozi ulitafuta fundi wa kumrithi kwa bidii yake ya kawaida, yaani ulisahau. Shangazi akaendelea kushika waya, na baada ya miaka kadhaa mtu fulani ofisini akagundua kwamba kumbe fundi ndiye huyo.

Amplifaya yenyewe mnaifahamu, ingawa ninyi wa ofisini huiita lile dude. Ni sanduku la chuma lenye mbao ubavuni, vitasa vitano vya kuzungusha, na vali za kioo zinazowaka rangi ya chungwa mithili ya makaa. Inawashinda umri wafanyakazi wengi wa hapa, na uzito inawashinda wote; kuihamisha kunahitaji wanaume wawili na mmoja wa kuwalaumu. Inakaa kwenye karakana ndogo iliyobanwa kati ya stoo yangu na kantini, na kutoka hapo waya zake zinakwenda hadi kwenye spika za kila idara: kukata sponji, kushona, kufungasha, ofisi na geti. Asubuhi hutupigia redio. Mchana hutuletea matangazo.

Na miaka yote hii ilikuwa ikivuma. Ukiiwasha tu, mvumo mzito ulitoka kwenye kila spika, mmmmm, ukakaa hapo hadi mtu aizime. Sababu ilikuwa kapasita zake. Kapasita, kwa msiojua, ni vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme na kuulainisha kabla haujafika kwenye sauti. Zikizeeka hukauka ndani, huvimba kichwani, nyingine huvuja ute wa kahawia, na umeme hupita na makunyanzi yake yote. Unachosikia ni hayo makunyanzi. Shangazi aliueleza uongozi jambo hili kila mwaka kwa lugha nyepesi kabisa. Kila mwaka uongozi ulimsikiliza kwa makini, ukamshukuru kwa uzalendo wake, ukanunua mapazia mapya ya chumba cha mikutano.

Basi tukauzoea mvumo, na kwa kuwa sisi ni watu wa kujiongeza, tukaupa kazi. Ulikuwa ndiyo taa yetu ya hatari. Mvumo ukisikika, maiki iko hai, kwa hiyo chunga mdomo. Mvumo ukikatika, maiki imelala, sema utakalo kuhusu utakaye. Hakuna aliyefundishwa sheria hii, na kila mtu aliijua. Kwa Mkurugenzi wetu ndiyo ilikuwa elimu yake yote kuhusu vyombo vya sauti, na aliitumia kwa kujiamini sana, kama mtakavyoona.

Hasara ilikuwa kwamba maneno yenyewe yalimezwa. Tangazo lilianza, mvumo ukalila, tukabaki tunatazamana. Wenzetu wa kukata sponji waliamua zamani kwamba tangazo lolote lisiloeleweka ni la chakula. Ndiyo maana siku ya zoezi la moto idara nzima ilijipanga kantini na sahani mkononi, na mkaguzi wa usalama akaandika kwamba hajawahi kuona watu watulivu namna ile mbele ya hatari.

Mwezi uliopita Afisa Utumishi alimwita Shangazi ofisini, akamuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu. Tulijua ni swali la adabu tu, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa tayari imeshanunuliwa. Shangazi akajibu kwamba anataka kapasita mpya, seti nzima. Afisa Utumishi, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani ni vyombo vya jikoni, akakubali papo hapo. Alipojua ni nini, ahadi ilikuwa imeshaandikwa na kugongwa mhuri.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini ajinunulie kazi badala ya kupumzika. Alinitazama kama mtu anayepima fyuzi.

"Nimeikuta inavuma, baba. Nikiiacha inavuma, nitakuwa nimefanya nini humu ndani?"

Hilo ndilo alilolitaka: kuondoka akiwa ameiacha ikiimba vizuri, na kuna mtu wa kuiwasha kesho yake. Sikumwona akitaka kitu kingine hapa kiwandani, na nimekuwa jirani yake wa ukuta wa mbao nyembamba tangu nilipoajiriwa.

Kazi yenyewe aliifanya taratibu, na sisi tuliokuwa na haraka ya kwenda kusimama mahali tulikwenda kusimama karakanani. Wa kwanza kuathirika alikuwa mpishi, aliyepoteza trei mbili za mayai. Shangazi alizitaka kwa sababu ana sheria yake: kapasita moja kuukuu ikitoka, moja mpya inaingia mahali pake palepale, ndipo aiguse ya pili. Ile kuukuu inalala kwenye tundu lake la trei, kwa mpangilio uleule wa ndani ya mashine. Mafundi wengine, anasema, hung'oa zote kwa mara moja wakafurahia uwazi, halafu wakaanza kukumbuka. Mpishi alikuja mara kadhaa kudai trei zake. Alijibiwa kwamba zina mayai.

Kabla ya kugusa chochote alichukua globu iliyofungwa waya mbili, akagusisha miguu ya kapasita kubwa, na globu ikawaka mara moja na kuzimika, ingawa amplifaya ilikuwa imechomolewa tangu jana yake. Vikopo hivyo huweka umeme moyoni hata baada ya kuzimwa. Mhasibu wetu anaweza kuwathibitishia. Miaka ile alipokuwa mgeni alipita karakanani kufanya ukaguzi, akaambiwa asiguse, na akagusa, kwa kuwa mhasibu hapangiwi cha kukagua. Alirushwa hadi kwenye rundo la magodoro yaliyokuwa yakingoja kurudishwa kwa kasoro. Tangu hapo hatujawahi kupata malalamiko kuhusu ulaini wa magodoro kutoka idara ya fedha.

Nisimpake Shangazi mafuta kupita kiasi. Naye amewahi kuharibu. Kapasita ina upande wa hasi na upande wa chanya, na ukiigeuza hupasuka kwa mshindo. Aliigeuza moja mwaka ambao Mkurugenzi aliyetangulia alikuwa akihutubia juu ya utulivu wa ajira. Alipofika tu kwenye maneno kwamba hakuna sababu ya mtu yeyote kuwa na wasiwasi, mshindo ukalia, moshi ukatoka mlangoni, na meza kuu yote ikawa chini ya meza kuu. Tangu siku ile Shangazi huchora mshale wa chaki kila mahali, hata kwenye kikombe chake cha chai.

Siku ya kuiwasha tulijaa mlangoni. Hakuichomeka moja kwa moja kwenye umeme. Aliipitisha kwanza kwenye ile globu yake, ili kukiwa na hitilafu globu iubebe moto na mashine ipone. Alibonyeza swichi. Globu ikawaka kwa nguvu, tukashangilia. Ikaanza kufifia, ikafifia, ikabaki uzi mwekundu tu. Tukaguna kwa masikitiko, na mpishi akatamka wazi kwamba trei zake zimekufa bure. Shangazi alikuwa anacheka peke yake. Globu ikififia maana yake umeme umefika unakotakiwa. Ingeendelea kuwaka kama tulivyoshangilia, ndiyo ingekuwa kilio.

Kisha akaiunganisha sawasawa, akafungua kitasa cha sauti hadi mwisho, na hakukuwa na kitu. Hapakuwa na mvumo wala mkwaruzo. Vali zilikuwa zinawaka rangi ya chungwa na spika zilikuwa kimya kabisa. Mtu mmoja alimpa pole. Shangazi akasogeza mdomo kwenye maiki, akanong'ona, "Jamani," na neno hilo likafika hadi getini, ambako mlinzi alisimama wima akaitika.

Sasa nafika mahali ambapo Mhariri ameniomba nisifike. Nitapita haraka.

Mwanzoni mwa mwezi huu ulifanyika mkutano wa wafanyakazi kantini, na waliobaki kwenye mashine walisikiliza kupitia spika za idara zao. Mkurugenzi alisimama akamwagia Shangazi sifa. Alisema yeye ni nguzo. Alisema amplifaya ni urithi wa kiwanda na itatunzwa daima. Ilikuwa hotuba nzuri sana, na kwa mara ya kwanza tuliisikia yote, jambo ambalo halikumsaidia. Akamaliza, tukapiga makofi, akaketi. Maiki ilikuwa mezani mbele yake. Akatega sikio kama alivyozoea. Hakusikia mvumo. Kwa elimu yake, basi, chombo kilikuwa kimezimwa. Akamwinamia Afisa Utumishi.

"Akishatoka getini tu, hilo dude litupwe. Na kile chumba kisafishwe, tuweke mito ya maonyesho."

"Na fundi mwingine, Mkurugenzi?"

"Fundi wa nini? Tulikuwa tunambeba tu, mama wa watu."

Yalisikika kantini. Yalisikika kwenye kushona, kufungasha, kukata sponji na getini. Sauti ilikuwa safi mno. Tulimsikia hadi akimeza mate.

Mimi nilikuwa nimesimama karakanani pamoja na Shangazi, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha sauti. Angeweza kumzima baada ya sentensi ya kwanza. Nilidhani atafanya hivyo. Nilitamani afanye hivyo, si kwa ajili ya Mkurugenzi bali kwa ajili yake mwenyewe, asiisikie ya mwisho. Hakugeuza kitasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa mkono, akajifuta kwa kitambaa chake cha grisi na kwenda kantini.

Watu walimpisha. Wengine waliamini anakwenda kumzaba mtu kofi, na wakasogea ili waone vizuri. Akaichukua maiki mezani kwa adabu.

"Samahanini. Ni kosa langu, nilisahau kuwatangazia. Siku hizi haivumi tena. Ikiwa imewaka hamtaijua." Kisha akainua uso. "Kule kwenye kushona, mmesikia vizuri?"

Kupitia ukuta wakajibu kwa pamoja: "Tumesikia, Shangazi!"

"Na getini?"

Mlinzi aliitikia kwa mbali kwamba amesikia, na akauliza kama ni yeye anayetakiwa kutoa ishara Shangazi akishatoka. Nadhani aliuliza kwa nia njema.

Shangazi akaizima maiki, akarudi karakanani, akafunga mlango. Huko alilia. Naandika hili kwa sababu ukuta wetu ni wa mbao nyembamba na kwa sababu sitaki mtu adhani mambo yale yalikuwa mzaha mtupu. Neno la kubebwa lilimchoma. Mwanamke aliyekibeba kiwanda hiki masikioni mwake miaka yote hiyo. Niligonga nikampelekea chai, nikakuta ameshajipaka grisi usoni kwa kujifuta, naye akaniuliza jambo moja tu.

"Lakini niambie ukweli. Ulisikia mvumo wowote?"

Nikamwambia sikusikia hata kidogo. Akanywa chai.

Kesho yake Mkurugenzi alitoa ufafanuzi kwamba maneno yake yalipotoshwa na mitambo chakavu. Hapo alijifunga kamba mwenyewe. Mitambo ikiwa chakavu, kwa nini tulimsikia akimeza mate? Na ikiwa ni mizima, basi maneno ni yake. Alipoona hilo, akaacha kufafanua.

Wa kwanza kuanza walikuwa washonaji. Mkurugenzi alipopita katika idara yao siku hiyo, mtu mmoja alifumba midomo akavuma, mmmmm, uso ukiwa kwenye cherehani. Wa pili akadaka. Alipofika katikati ya chumba walikuwa wote. Akasimama, wakanyamaza. Akapiga hatua, wakavuma. Hawakumtukana wala hawakugoma, walikuwa wanashona magodoro kwa spidi ya kawaida. Walichokuwa wanamwambia ni kile ambacho kila mfanyakazi wa hapa anakijua: chunga mdomo, maiki iko hai. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akivumiwa na idara zote, na watu wa fedha nao wakajitokeza, wakavuma kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha wengine wameanza.

Uongozi, ambao husikiliza sana, ulitoa suluhisho la kwanza: amplifaya itawekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo, ikiwa imezimwa, iwe kumbukumbu. Mvumo ukaongezeka. Shangazi mwenyewe alikwenda ofisini kueleza kwamba kapasita isiyopitiwa na umeme huharibika upesi kuliko inayofanya kazi, na kwamba wakiiweka kwenye kioo wanaizika ikiwa hai. Aliyaeleza haya akijua vizuri kwamba wiki chache zijazo naye atakabidhiwa saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike.

Suluhisho la pili limebandikwa ubaoni tangu Jumatatu. Amplifaya inabaki mahali pake, ikiwa inafanya kazi. Karakana inabaki karakana. Mito ya maonyesho itajitafutia chumba. Fundi mpya ni yule mshonaji wa kingo ambaye amekuwa akijitengenezea cherehani yake mwenyewe kwa kuchoka kungoja. Shangazi ameshamkabidhi pasi ya kulehemu, globu na vipande vya chaki. Trei za mayai zimerudi kwa mpishi, ambaye anadai si zenyewe.

Kazi ya mwisho ya Shangazi ilikuwa kuweka kitaa chekundu mbele ya amplifaya na kingine kwenye meza kuu ya kantini, vikiwaka maiki ikiwa hai. Alisema si vizuri kumwondolea mtu tahadhari yake bila kumpa nyingine. Hiyo ni huruma ambayo mimi nisingekuwa nayo. Mkurugenzi sasa hukitazama kitaa hicho kabla ya kusalimia, na tunasikia hukitazama hata nyumbani kwake, ambako hakipo.

Nina lalamiko moja binafsi, na kwa kuwa hili ni jarida la wafanyakazi nitalisema. Mvumo ule ulikuwa ukipita kwenye ukuta wangu siku nzima. Nililalamika kwa kila aliyetaka kusikia. Lakini ulipoanza asubuhi nilijua Shangazi amefika, na ulipokatika jioni nilijua amekwenda kwa shemeji kwenye lori. Sasa ukuta umenyamaza na siwezi kujua kama yupo au hayupo. Kuanzia Jumatatu nitajua.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa kila tangazo tulilolisikia na kwa yale tuliyoyasikia zaidi ya matarajio. Saa ya ukutani utakabidhiwa saa tisa na nusu. Haina kapasita, nimeikagua. Shemeji naye anaomba uanze na redio ya kwenye lori, ambayo anasema inavuma tangu mlipooana. Uwe na afya na usingizi mwororo, na usikubali mtu yeyote akuweke kwenye kioo.

Na kwenu wenzangu: Ijumaa, saa kumi kamili, Shangazi atakapokuwa anatoka getini, kila mtu asimame pale alipo na afumbe midomo. Mlinzi atatoa ishara, kama alivyoomba. Tutavuma wote hadi lori litakapoingia barabarani, ili popote atakapokuwa ajue kwamba huku bado tuko hai. Mkurugenzi pia anakaribishwa; sauti yake tunaijua, inasikika vizuri.